Remorki ya Benita na Mwanzi wa Darajani

Benita Feza binti Bulaimu, wa Kasongo, anatoka kwa watu ambao hawakukaa bure. Baba yake, Bulaimu, ndiye aliyebeba mashini ya kushona juu ya kichwa toka Kasongo mpaka Kabambare, wakati barabara ilikuwa imekufa. Alipofika hakukubali kiti wala maji mpaka ameshona kifungo kimoja, watu waone kama mashini iko nzima. Mama yake, Marcelline, alipika karamu za ndoa tatu Jumamosi moja, na kila ndoa ikasema chakula chake ndicho kilikuwa kitamu. Bibi yake, mama ya Marcelline, alikataa wachumba wawili walioletwa na wajomba, wa tatu akamuchagua mwenyewe, akazaa naye watoto tisa. Benita mwenyewe ndiye aliyeshona nguo za waimbaji wa parokia. Nguo zile hazikupasuka hata moja, ni waimbaji ndio walinenepa.

Nayajua haya yote kwa sababu tulisoma benchi moja. Tulimaliza darasa la sita pamoja, yeye wa kwanza kwa hesabu, mimi wa kwanza kwa kusoma, na kwa kusoma bado hajatokea wa kunishinda mu mutaa wetu.

Kazi ya Benita iko hivi. Kila mwaka, kiangazi kikielekea kuisha, kabla masomo hayajafunguliwa, anafunga mashini yake na kuondoka Kasongo. Anapita Lusangi, anafika Kabambare, anafika mpaka Salamabila kwenye wachimba dhahabu. Kila mahali wazazi wanamungoja na vitambaa vya buluu na vyeupe. Wanaleta watoto, anawapima, anashona, anasonga mbele. Anayemubeba ni Pitchou, mume wa binti yake Sonia, mwenye moto, ndiyo pikipiki. Na kwa kuwa kwetu mama mukwe na mukwe hawagusani, Sonia anakaa katikati yao juu ya moto, Pitchou mbele, Benita nyuma. Vijana wa njiani wameshazoea. Wakiwaona kwa mbali wanasema, angalieni, ukuta unapita.

Mwaka juzi, Salamabila, walimulaza mu chumba cha kuwekea unga. Hawakumulaza pale kwa ubaya, kwani nyumba ilijaa wageni, na mahali pa dhahabu hakuna kitanda kinachopoa. Lakini alirudi Kasongo na kikohozi kilichokaa naye mpaka Noeli. Ndipo mutoto wake wa kwanza, Serge, mwenye duka la vyombo sokoni, akamukalisha chini mbele yetu sisi wa jamaa. Alisema kwa heshima, siwezi kumusingizia, lakini alisema.

"Mama, ao unapata pa kulala pako mwenyewe mu njia, ao mashini inakaa hapa kwa barza na watu wanakufuata."

Benita alimaliza kukata kitambaa kilichokuwa mukononi mwake, akakikunja. Jioni akaja kwangu. Akaniambia wanaofuatwa kwao ni watu wa aina mbili, wagonjwa na marehemu, naye bado hajaamua kuwa mumoja wao.

Sasa, tulikuwa tumekwisha kuona karavani. Kampuni moja iliyokuja kutengeneza barabara ilikuwa nayo, nyeupe, ikivutwa na gari la jipu, na mukubwa wao alikuwa analala ndani yake na pazia dirishani. Benita aliipenda pazia ile. Akasema kama nyumba inaweza kufuata jipu, inaweza kufuata moto pia, shauri ni kuipunguza tu. Akaenda kwa Fidèle, fundi wa kuunganisha vyuma, anayetengeneza remorki za moto, zile za matairi mawili za kubebea magunia.

Fidèle alicheka kwanza. Halafu alipoona mama hacheki, akaacha.

"Mama Benita, mimi ninatengeneza remorki ya muchele. Muchele haugeuki usiku."

"Basi tengeneza ya mutu anayegeuka," Benita akamujibu.

Fidèle akachukua kipande cha makaa, akachora remorki mbili kwenye sakafu yake ya simenti, kwa kipimo cha kweli. Moja kubwa, ya kulaza watu wazima wawili na mutoto, na mashini imesimama ndani tayari kwa kazi. Moja ndogo, ya kulaza mutu mumoja, na mashini inaingia chini ya kitanda. Benita akavua viatu, akakunja liputa, kitenge chake cha kiunoni, vizuri, akalala ndani ya ule muchoro mudogo, chini, mbele ya watu wote waliokuja kuchomelesha masufuria yao. Akageuka kuume, akageuka kushoto. Akainuka, akaenda kulala mu ile kubwa. Mama mumoja aliyeleta baiskeli akamuuliza kama ni pale wameanza kuuza makaburi. Benita akamwambia ndiyo, na la kwako tutalipindisha kidogo kwa sababu ya mudomo. Walicheka mpaka Fidèle akazima mashini yake ya kuchomea.

Mu ile ndogo alienea vizuri kabisa. Lakini akachagua kubwa.

Hapo ndipo wengi wetu tungekosea kama yeye. Kwetu chungu hakipimwi kwa tumbo la mwenyewe, kinapimwa kwa mugeni ambaye hajafika. Nyumba yenye nafasi ya mutu mumoja inaitwa nyumba ya muchawi. Jamaa yote ilimuunga mukono. Serge alisema kama ni kununua, anunue kitu cha heshima. Wifi zake walisema mama wa wajukuu wengi hawezi kulala mu kijumba cha kuku. Wengine wakasema mvua ikinyesha, Pitchou naye atapata kona yake ndani. Na mimi nilikubaliana nao. Tulikuwa tunachagua remorki kama watu wanaochagua nyumba ya kuozea binti.

Pitchou aliyasikia maneno hayo na hakusema kitu, maana mukwe hapingi mbele ya mama mukwe. Siku ya pili akamutuma Sonia. Sonia akaja, akazunguka zunguka, akafagia uwanja ambao ulikuwa umekwisha kufagiwa, halafu akasema mume wake ametuma kusema hivi: anamuheshimu mama sana, atamuvuta mpaka mahali barabara inapoishia, lakini hata mvua ya mawe inyeshe hataingia kulala chini ya paa moja naye. Ataomba kitanda kwa watu. Kijana mwenye moto hakosi kitanda, kila kijiji kina mutu anayetaka kumutuma na moto yake kesho.

"Na wewe?" Benita akamuuliza.

"Mimi niko muke wa mutu, mama," Sonia akasema. "Nitalala pale atalala."

Wale watu wawili wa kulala naye mu remorki kubwa walikuwa wameondoka kwa neno moja. Hata hivyo Benita hakuacha ile kubwa. Alisema kuna wageni, na mugeni hatangazi.

Lakini Benita ni mushonaji, na mushonaji hakati kitambaa bila kumupima atakayekivaa. Alilala siku mbili akiwaza ni nani atakayeivaa remorki hii, akaona siye yeye. Ni barabara. Kwa hiyo akamwambia Fidèle asikate chuma bado. Akatafuta mwanzi mukavu, mwepesi, akaukata sawa na upana wa ile remorki kubwa, toka ukingo wa tairi mpaka ukingo wa tairi. Pitchou akaufunga kwa kupingama nyuma ya moto, kwenye chuma cha kubebea muzigo. Wakapanda wote watatu, Pitchou, ukuta, na Benita, na nyuma yao mwanzi umetoka huku na huku kama mabawa. Wakashika njia ya Lusangi kwenda kuipima barabara.

Hayo ya njiani nilisimuliwa na Sonia, na Sonia hajui kupunguza kitu. Mu kijiji cha kwanza waliwauliza kama kuku wanaenda kuuzwa ao wamekwisha kuuzwa, maana mwanzi wa kufungia kuku upo na kuku hawapo. Mu kijiji cha pili muzee mumoja aliwasimamisha akataka kujua kama serikali imeanza tena kupima mashamba, akakataa kusogea mpaka Benita amemwapia kwamba hapana. Penye vichaka mwanzi ulikuwa unapiga majani pande zote mbili, na wanawake waliokuwa wanatoka shambani wakaingia mu majani na mabeseni yao kichwani. Mumoja akasema, "Mama, hiyo ndege yako, utaipandisha juu siku gani?" Benita akamujibu, "Siku utaacha kusimama mbele yake." Kila mara alikuwa anaitika, hakuacha neno lianguke chini.

Alicheka mpaka kwenye kijito kilicho mbele ya Lusangi.

Pale zamani palikuwa daraja la chuma. Liliondoka na maji, na watu wa kijiji wakaweka magogo, wakayafunga, na mbele yake wakasimamisha nguzo mbili nene za muti, moja huku moja kule, ili lori lisiingie na kuvunja kazi yao. Moto zinapita katikati. Anayesimamia salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, ya daraja lile ni Héritier, mutu wa mabega, anayependa daraja lake kuliko mashamba yake. Siku ile alikuwa pale anabadilisha kamba.

Pitchou akaingia polepole. Mwanzi ukagonga nguzo mbili kwa mara moja, ukalia ko, na moto ikasimama. Hata kwa kujipindisha haukupita.

Benita akashuka. Akazungumza na Héritier kwa upole wote alio nao, na anao mwingi akitaka. Akamwelezea habari za nguo za watoto, za kikohozi, za remorki. Akamuomba aing'oe nguzo moja na kuisogeza kidogo tu. Héritier akasikiliza yote mpaka mwisho, akaketi juu ya nguzo yenyewe.

"Mama, nikisogeza kwa ajili yako, lori itapita nyuma yako. Kesho hautakuwa na daraja, na mimi sitakuwa na kijiji."

Benita aliangalia magogo, akaangalia maji chini. Alijua Héritier anasema kweli. Akawaza Serge na barza ya nyumbani, na mashini yake imeketi pale kama mugonjwa. 

Halafu Benita akafungua mwanzi, akaushika mwenyewe katikati ya nguzo, akaweka alama kwa ukucha.

"Lete panga," akamwambia Héritier. "Kata hapa. Na upunguze upana wa mukono tena, kila upande. Nguo ikibana sana inapasuka kwenye mushono."

Héritier akakata. Kipande kilichobaki kilikuwa sawa kabisa na ile remorki ndogo, ile ambayo Benita alienea ndani yake tangu siku ya kwanza kwa Fidèle.

Alirudi Kasongo na mwanzi mufupi na uso murefu. Alikuja kuketi kwangu kwa barza, nikamupa chai, na hakuinywa. Hakuwa na wasiwasi tena juu ya kulala kwake. Kilichomuuma ni aibu. Alisema atafikaje Kabambare kwa watu waliomukaribisha miaka yote ile, halafu siku anapokuwa na nyumba yake, wanakuja kumuamkia na hana mahali pa kuwaingiza. Watasema Benita amejijengea sanduku ili asishirikiane na mutu.

Sasa neno lililofuata nililisema mimi, na anayebisha amuulize Benita mwenyewe. Nilimuuliza:

"Tangu tuzaliwe, ni mugeni gani umemupokea mu chumba cha kulala?"

Akaniangalia. Akaangalia tulipoketi, viti viwili, kivuli cha paa, watu wanapita wanatusalimu, chai yake inapoa. Tulikuwa tumekaa pale maisha yetu yote. Ndoa za watoto wetu tulizisemea pale, kilio tulikilia pale, na hakuna hata mutu mumoja aliyewahi kuomba aone kitanda.

Akanywa chai yote kwa mara moja, ikiwa baridi vile vile, akaondoka bila kuaga. Alikwenda mbio kwa Fidèle, mwanzi mukononi.

Fidèle akafanya kama alivyoambiwa. Remorki ndogo, upana wa mwanzi, si zaidi. Kitanda cha mutu mumoja na godoro, chini yake nafasi ya mashini na vitambaa. Lakini ubavu mumoja hakuufunga kabisa. Aliutia bawaba juu, ukiusukuma unainuka mpaka unalala kama paa, unauegemeza kwa fimbo mbili, na tayari kivuli. Chini ya kivuli hicho mashini inatoka, inasimama, na viti vidogo vya kukunja vinatoka, na hiyo ndiyo barza. Pazia Benita akashona mwenyewe, ya maua mekundu, kubwa kushinda ile ya karavani ya kampuni. Serge alikuja kuangalia, akasema ni ndogo. Benita akamwambia ndogo ni chumba, barza yangu inafika mpaka kule, akamwonyesha mwisho wa barabara.

Waliondoka asubuhi na mutaa muzima ukawasindikiza mpaka penye muteremko. Pitchou aliendesha kama mutu anayebeba mayai. Vijiji vile vile vilitoka kuwaangalia. Yule mwanamke wa ndege alikuwepo, akauliza bawa limekwenda wapi, na Benita akamujibu limekunjwa, tunangoja wewe upande. Kwenye kijito Héritier alisimama kando ya nguzo na mikono kiunoni. Tairi moja ikapita karibu na nguzo ya kuume, nyingine karibu na ya kushoto, na katikati ya nguzo na tairi ungeweza kupitisha mukono pande zote mbili, kama alivyosema. Héritier akapiga makofi, si kwa Benita, kwa daraja lake.

Kule Lusangi Benita alishona chini ya kivuli chake mwenyewe. Kabambare mvua ilikuja mapema, mvua kubwa, na Pitchou na Sonia walikuwa wamelala kwa mwalimu wa mazoezi, yule watoto wanamuita muganga wa shule kwa sababu anawaponya uvivu. Benita akalala mu remorki yake, mukavu, na alisema sauti ya mvua juu ya bati lile dogo ilikuwa kama watu wengi wanashona kwa mara moja. Kikohozi hakikuja hata kuuliza habari.

Na wageni walikuja. Tena walikuja kupita nafasi ya remorki yoyote ambayo Fidèle angeweza kuchora. Wanawake wa Kabambare walileta viti vyao wenyewe, waliokuwa bila viti walileta mikeka, mumoja akaleta sombe ya majani ya muhogo, mwingine wali na maharagi, na mashini ikawa inalia katikati ya mazungumzo. Waislamu na Wakristo, wote waliketi pale, kama mu nyumba ya Bulaimu na Marcelline ambamo Idi na Noeli zote mbili zilikuwa zinafika. Watoto walikuwa wanapigana nani atashika fimbo ya paa.

Serge alikuwa na bidhaa za kupeleka Salamabila, akawakuta huko. Nafikiri bidhaa zingeweza kungoja, lakini alitaka kuona kwa macho. Alikuta moto za wachimbaji zimesimama mustari, na wenye moto wameketi chini ya paa la mama yake wakingoja suruali zao zitiwe viraka, na mama yake mu kiti chake anawakemea kwa kupasua mifuko na mawe yao. Hapakuwa na nafasi. Serge, mwenye duka, akasimama juani pembeni kama muteja. Benita akamuona, akaendelea kushona mpaka mwisho wa mushono.

"Bwana Serge, unatafuta nani?"

"Nilipita tu kusalimia, mama."

"Basi kaa. Kwangu mugeni hasimami." Akamusogeza muchimbaji mumoja kwa kiwiko, Serge akaketi, na tangu siku ile habari ya mashini kukaa nyumbani hakuna aliyeirudilia.

Walirudi wakati masomo yamekwisha kufunguliwa. Kila kijiji walichopita, watoto walikuwa wanakwenda shule na buluu yao na nyeupe yao, na Benita alikuwa anawaangalia mabega na mikono kama mukulima anayeangalia muhogo wake. Kwenye kijito wakakuta salongo. Magogo ya zamani yalikuwa yameoza upande mumoja, wanaume walikuwa wanashusha mapya, na nguzo zote mbili zilikuwa zimeng'olewa na kulazwa kwenye majani. Mashimo mapya yalikuwa hayajachimbwa. Vijana wawili walikuwa wanabishana wayachimbe wapi, mumoja anataka karibu zaidi ili hata moto za mizigo mikubwa zikome.

Pitchou akasimama mbali kidogo, kama anavyosimama siku zote, na Sonia akashuka baada ya mama yake. Benita akaenda nyuma ya remorki, akainua godoro, akatoa mwanzi. Alikuwa ameulalia safari nzima. Akatembea nao mpaka kwa Héritier, aliyekuwa amesimama mu matope mpaka magotini, akamuwekea mukononi.

"Uliukata wewe," akamwambia. "Mimi nilipunguza nyumba yangu kwa ajili ya daraja lako, na sikunung'unika. Sasa utakuwa nao wewe. Kila mara mutabadilisha magogo, uupime kwanza, uongeze mukono huku na mukono huku, ndipo muchimbe shimo. Lori isipite. Lakini mama mwenye mashini apite, mimi ao mwingine nyuma yangu."

Héritier akapangusa mukono wake kwa suruali, akaushika mwanzi vizuri. Akaita wale vijana waliokuwa wanabishana, akaulaza chini juu ya udongo, akawaambia waanze kuchimba.